Mkono wa Namsifu na Wale Waliotazama

Hapo zamani, enzi za pasi za mkaa, katika mji mmoja mdogo chini ya milima ya Upare, aliishi mama aliyeitwa Nakiete. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia kazi watu ambao wenye kazi hawakuwataka. Asiyeona alimpeleka kwa wasuka vikapu, akapokelewa. Asiye na mguu alimpeleka kwenye mizani ya kahawa, akapokelewa. Aliyetoka kifungoni alimpeleka kwa wafyatua matofali, watu wakaguna, lakini akapokelewa. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudishwa. Mji mzima ulimsifu kwa hilo, naye Nakiete alipenda kusifiwa, ingawa hakulisema.

Siku moja alimjia binti aliyeitwa Namsifu. Alikuwa fundi wa cherehani, na mshono wake ulinyooka hata ungedhani umepigiwa rula. Lakini Namsifu alikuwa na kifafa. Kila asubuhi alikunywa dawa za zahanati, na hata hivyo mara mojamoja kilimwangusha.

"Nimebisha hodi milango saba, mama," alisema. "Kila mlango naulizwa kama mimi ni mzima. Nasema kweli. Kila mlango unafungwa."

"Basi wa nane usiseme."

"Na nikianguka?"

"Utaanguka wameshakuzoea. Mtu aliyezoeleka hafukuzwi."

Namsifu akainamisha kichwa. Wakaenda.

Mlango wa nane ulikuwa wa Mzee Kadiva, mwenye karakana ya kushona sare za shule. Akautazama mshono, akaupenda. Akamgeukia Nakiete.

"Mzima huyu?"

"Mzima kabisa, mzee. Namjua."

Namsifu alisikia, akanyamaza. Mlango ukafunguliwa.

Akashona mwezi wa kwanza, akashona wa pili. Mwezi wa tatu kifafa kikamwangusha katika chumba cha majora, akakutwa na mkata vitambaa, jina lake Elinami. Elinami hakupiga kelele. Alimlaza ubavu, akamfuta uso, akamngoja mpaka akaamka.

"Kaka Elinami, nakuomba usiwaambie."

"Sitasema," akajibu, na kweli hakusema.

Lakini kazi nzuri nayo ina balaa lake. Mzee Kadiva alizidi kumpenda fundi wake, akasema, "Mwenye mkono kama huu ndiye anayefaa kumalizia nguo." Akamtoa kwenye cherehani, akamweka kwenye meza ya pasi.

Namsifu akamkimbilia Nakiete. "Mama, wameniweka kwenye moto. Nikamwambie mzee?"

Wiki hizo Nakiete alikuwa akingojea wageni kutoka wilayani, waliotaka kuwaona kwa macho yao watu aliowatafutia kazi. Alikwisha kununua kanga mpya ya kuwapokelea. Akasema, "Vumilia wiki mbili tu, mwanangu. Wageni wakishaondoka nitakwenda mwenyewe kumweleza."

Namsifu akavumilia. Elinami alipomwona anatetemeka mbele ya makaa, akaishika yeye pasi. Ikawa kila siku Elinami anapiga pasi, na Namsifu anakaa pembeni akikunja nguo. Mafundi wenzao wakaanza kucheka.

"Mwanamume anampigia pasi mwanamke ambaye hata posa hajampelekea!"

Siku ya kwanza Elinami alicheka nao. Siku ya pili akainamia pasi. Siku waliyokuja wageni wakamcheka zaidi, na uso wake ukawa moto kuliko pasi yenyewe. Akaiweka mezani.

"Leo piga mwenyewe," akasema, akatoka kwenda kunywa chai.

Nakiete alifika mlangoni na wageni wake wakati uleule Namsifu anaanguka. Aliiona pasi ikimfuata chini. Aliuona mkono wa kushoto wa Namsifu ukinasa kati ya pasi na sakafu. Fundi mmoja akainuka kumsaidia, na Mzee Kadiva akapiga ukelele:

"Msimguse! Povu hilo likiwagusa mtaugua nyote!"

Wote wakarudi nyuma. Wageni nao wakarudi nyuma.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo Nakiete alipopaficha miaka yote. Nakiete alijua kwamba kifafa hakiambukizi. Alielezwa na mganga wa zahanati, na yeye mwenyewe aliwahi kuwaeleza wengine. Lakini moyoni alijiuliza, "Nikisema hakiambukizi, si wataniuliza nimekijulia wapi?" Akavuta pumzi moja. Akavuta ya pili. Akavuta ya tatu, na chumba kikaanza kunuka, wala si harufu ya kitambaa. Kabla hajavuta ya nne, Elinami aliingia mbio, akaisukuma pasi kwa kiganja kitupu.

Ndipo Nakiete akapiga magoti. Lakini kupiga magoti baada ya pumzi tatu si sawa na kupiga magoti kabla.

Mkono ulipona baada ya miezi mitatu, vidole viwili vikabaki vimejikunja. Nakiete alikwenda kumwona kila siku na uji wa ulezi. Walizungumza habari za mvua, habari za jirani, habari za bei ya ulezi. Za siku ile hawakuzungumza. Kila akitaka kuanza, alikoroga tena uji.

Mzee Kadiva naye alikwenda zahanati kuuliza, akaambiwa ugonjwa ule hauambukizi wala haujawahi kuambukiza. Siku mbili hakutoka nyumbani. Siku ya tatu alimtumia Namsifu ujumbe: rudi, cherehani yako ipo, na pasi hutaishika tena.

Namsifu akaja. Nakiete akaja naye. Mafundi wote walikuwapo, na Elinami alikuwapo, kiganja chake kina kovu la pasi. Namsifu akasimama kizingitini, asiingie.

"Nitaingia," akasema, "kwa sababu kazi ninaihitaji, na kazi ninaiweza. Lakini mbele ya watu walewale walionitazama, aliyenikosea zaidi na aanze kuniomba radhi. Wengine watafuata."

Mzee Kadiva akasema, "Ningeambiwa mapema, nisingemweka kwenye pasi."

Nakiete akauliza, "Ungeambiwa mapema, mzee, ungempa kazi?"

Mzee akaangalia sakafu. "Nisingempa."

"Mimi nilikwenda kunywa chai tu," akasema Elinami, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Miezi yote nimemsitiri. Siku moja, jamani, siku moja tu nilichoka kuchekwa." Akakificha kiganja chake nyuma.

Namsifu akasema, "Nami siko pembeni. Mama alipojibu kwamba mimi ni mzima, nilikuwa nimesimama palepale. Kinywa changu kilikuwapo. Na ningalimwangukia mwenzangu na pasi mkononi, je?"

Wote wakamtazama Nakiete. Kila mtu mjini alijua kwamba alidanganya mlangoni. Wachache walijua kwamba alimwambia binti avumilie wiki mbili kwa ajili ya wageni. Lakini zile pumzi tatu hakuna aliyezijua ila yeye. Akafungua kinywa. Mzee Kadiva naye, palepale, akafungua chake, na Elinami akasogea hatua moja mbele.

Mimi nilisimuliwa nanyi nimewasimulia. Yupo aliyedanganya ili mlango ufunguke, kisha akanyamaza ili asiumbuke. Yupo aliyezuia mikono ya watu kwa ujinga ambao angeweza kuuondoa kwa kuuliza tu. Yupo aliyesitiri siku zote, akaondoka siku moja kwa kuogopa kicheko. Na yupo aliyeuficha ugonjwa wake baada ya kuusema kweli mara saba. Namsifu bado amesimama kizingitini, anangoja sauti ya kwanza.

Je, ni nani aliyestahili kuanza?