Ufunguo wa Pili wa Obeid Nyagawa

Mtoa ufunguo wa pili hubaki dereva.

Mmeisikia leo kijiweni, wewe Ayubu na wenzio, mmecheka wee, kisha mmekuja kuniuliza mimi ilitoka wapi, maana mnajua mdomo wa bibi yenu haukai. Haya, kaeni. Lakini mikono isikae: viazi vikubwa gunia lile, vidogo kapu hili, vilivyokatwa na jembe tutakula wenyewe. Nanyi mkisikia methali mnadhani lazima iwe imesemwa na wahenga waliovaa magome ya miti. Hii si ya wahenga. Imeanzia hapahapa kwetu, barabara hiyohiyo ya kwenda gulioni, na ilipotamkwa mara ya kwanza mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na mzigo kichwani.

Palikuwa na jirani yangu akiitwa Obeid Nyagawa. Alikuwa na pikapu. Siku hizo mwenye gari hapa kijijini alikuwa mtu hasa. Harusi yake, msiba wake, mgonjwa wake, viazi vya kupeleka Makambako vyake. Lakini pikapu ile haikudondoka kutoka mbinguni. Mkewe, Leokadia, alikuwa amerithi kwa baba yake shamba la miti ya mbao kule bondeni. Miti ilipokomaa wakaivuna yote, wakanunua gari. Likaandikwa jina la Obeid kwa sababu ndiye aliyejua kuendesha, na Leokadia hakuona neno. Alichotaka yeye ni ufunguo wa pili. Aliufunga uzi mwekundu wa kufumia masweta, akauweka ndani ya kopo la chumvi, akasema, "Wewe una wako, baba Skola, na mimi nina wangu."

Hakujua hata kuliwasha. Lakini ufunguo alikuwa nao.

Basi, binti yao Eskola akapata mchumba, kijana wa mjini, watu wenye nafasi zao. Ikaundwa kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti. Kamati zetu mnazijua. Hapa kwetu ahadi hutolewa kwa sauti kubwa na kulipwa kwa sauti ndogo. Mtu ana kuku wawili nyumbani, anasimama kwenye kikao anaahidi beberu, watu wanapiga makofi, anakaa chini ameshiba kana kwamba amekwisha kutoa. Eskola naye aliahidiwa mengi mno. Ukiyasikia yakisomwa ungedhani anaolewa binti wa mkoloni.

Kikao cha mwisho, mwenye ukumbi anataka chake, mpishi anataka chake, na mkononi hakuna kitu. Mwenyekiti wa kamati, mzee Mwinuka, alikuwa mtu wa kweli. Akasema, "Ndugu zangu, tusidanganyane. Tufanyie uwanjani kwa Nyagawa. Watu wale makande, wanywe chai, binti asindikizwe kwa nyimbo. Hajafa mtu."

Obeid akasimama, uso umemwiva.

"Binti yangu hasindikizwi kwa makande mbele ya wakwe," akasema. "Kilichopungua nitamalizia mimi. Ninyi mkilipa ahadi zenu, nitajirudishia."

Loo! Vigelegele vilipasua bati. Mimi nilikuwa nimekaa na Leokadia, nikamwona anamvuta mumewe koti kwa nyuma. Obeid hakugeuka.

Wakati ule ndipo zilipokuwa zimeanza kufunguliwa mjini zile ofisi za mikopo ya haraka, ambazo baadaye watu waliziita kausha damu. Unaingia asubuhi na shida, jioni unatoka na hela. Hawakumuuliza Obeid analima nini wala atalipaje. Walitaka kadi ya gari na ufunguo wa pili. Riba walimsomea, naye aliitikia kwa kichwa kama mtu asikilizaye matangazo ya kanisani akiwa na haraka ya kutoka.

Alirudi nyumbani akafungua kopo la chumvi. Leokadia alikuwa jikoni.

"Kadi nimekuelewa," akamwambia. "Ni karatasi. Ufunguo wanautakia nini na wewe ndiye unayeendesha?"

"Ni utaratibu tu, mama Skola."

"Utaratibu wa nani?"

"Wa ofisi. Kila mtu anaacha. Watu wakilipa ahadi zao, naurudisha kwenye kopo lako. Gari si litalala hapa hapa uani kwetu? Utaliona kila siku."

Leokadia aliupangusa ule ufunguo chumvi kwa pindo la kanga, akampa. Uzi mwekundu hakuufungua. Alinisimulia mwenyewe kwamba aliuacha makusudi, ili siku ukirudi aujue kuwa ni wake.

Sendofu ilifana, siwadanganyi. Tulikula wali na nyama, Eskola alipendeza, wakwe waliondoka wanasifu. Kesho yake Obeid akaanza kufuata ahadi. Jamani! Wale waliopiga vigelegele, wakisikia mngurumo wa pikapu wanatokea mlango wa uani. Mmoja anasema ngoja tuvune. Mwingine anasema mke wangu anaumwa. Mwingine anamkaribisha vizuri, anamnywesha ulanzi, anamsindikiza hadi njiani, hela hatoi. Na mila yetu ndiyo iliyomfunga mikono, kwa sababu mchango wa harusi haudaiwi kwa ukali. Ukidai kwa ukali, siku ya msiba wako utachimba kaburi peke yako. Obeid alilijua hilo kabla ya kusimama kwenye kikao, lakini vigelegele huziba masikio.

Akawa analipa yeye. Kila alichopata kwa pikapu alikipeleka kule mjini, na kila alichopeleka kililiwa na riba tu, deni lenyewe limekaa palepale kama kuku aliyeatamia. Akichelewa wanaongeza faini juu ya riba. Akaanza kuzima simu. Usiku analiegesha gari nyuma ya zizi la mzee Mwinuka na kulifunika mabua. Mtu alificha gari lake mwenyewe kama ng'ombe wa wizi, wanangu, mimi nilimwona, na nilimhurumia sana.

Tumaini lake lililobaki lilikuwa viazi. Leokadia alilima mwaka ule mpaka mgongo ukapinda. Vilikubali. Wakapatana kwamba mzigo ule ukiuzwa wote kwa bei nzuri, wanamaliza malimbikizo, ufunguo unarudi kwenye kopo. Wakapakia pikapu mpaka ikakaa matako chini, wakaenda gulio kubwa.

Obeid aliegesha, akaenda kulipa ushuru. Leokadia alikuwa pembeni anaongea na wanunuzi. Pikapu ikawaka. Hakuna kioo kilichovunjwa, hakuna mlango uliogongwa. Iliwaka kwa utaratibu, ikaanza kutoka na viazi vyao mgongoni.

Obeid akageuka, akaona, akapiga ukelele. "Mwizi! Mwizi huyo!"

Nanyi mnajua neno hilo likitamkwa gulioni. Wapakiaji wa magunia waliacha mizigo. Mmoja alisukuma mkokoteni katikati ya njia, pikapu ikakwama, wakamtoa yule dereva kwa shati. Alikuwa kijana tu, kapauka kwa hofu. Ngumi ya kwanza, ya pili, mdomo ukapasuka. Watu wakaanza kuokota mawe. Kijana analia, "Nimetumwa! Nimetumwa na ofisi jamani!" nani amsikilize? Obeid amesimama nyuma ya umati, hasemi kitu.

Leokadia ndiye aliyepenya. Sijui alipata wapi nguvu zile. Aliwasukuma wanaume kwa viwiko, akafika, akaona kilichokuwa kinaning'inia kwenye swichi ya gari. Uzi mwekundu.

Akasimama mbele ya yule kijana, akanyoosha mikono. "Acheni! Msimpige! Huyu si mwizi."

"Mama, tumemkamata na gari lenu!"

"Mwizi anatoa wapi ufunguo wangu?" akasema. Akauchomoa, akauinua juu, wote wakauona. "Ufunguo huu ulikuwa kwenye kopo langu la chumvi. Mume wangu ndiye aliyewapa. Muulizeni."

Macho yote yakamgeukia Obeid. Mtu mmoja akauliza, taratibu kabisa, "Nyagawa, ulimpa?"

Obeid aliangalia chini. "Nilitoa," akasema.

Mawe yakaanza kudondoka, moja moja. Baadaye alimwambia mkewe kwamba alimtambua yule kijana tangu mwanzo, aliwahi kumwona pale ofisini, ila mdomo ulipiga kelele kabla ya moyo. Leokadia alinambia, dada, kupoteza gari nilikuzoea, lakini kukaribia kuua mtoto wa mwenzetu kwa sababu ya aibu, hilo halikunitoka.

Leokadia alimrudishia yule kijana ufunguo kwa mkono wake mwenyewe. Kijana akafuta damu, akasema kwa adabu, "Mama, mzigo ni wenu. Shusheni, mimi nasubiri." Wakashusha. Magunia yakakaa chini kwenye tope, na mvua ya milimani haina hodi, ikashuka. Sasa mnunuzi akimwona mtu hana gari la kurudishia viazi nyumbani, viazi vinaanza kulowa, atampa bei gani? Wanunuzi walivichukua kwa bei ya kutupa. Mume na mke walirudi kwa miguu.

Hela ile haikufikia hata nusu ya walichotakiwa. Pikapu ikapigwa mnada mjini, akainunua mfanyabiashara mmoja wa Makambako, akiitwa Sanga. Na siyo kwamba mnada ulifuta deni. Walimwambia bado kuna salio. Salio! Gari limekwenda, deni limebaki, na mlipaji hana tena cha kulipia.

Sanga alikuwa anahitaji mtu anayejua njia zetu za tope na klachi ya gari lile, maana lilikuwa na ukaidi wake. Akamwita Obeid. Naye angefanyaje? Akakubali. Asubuhi anakwenda kulichukua kwa Sanga, jioni analirudisha. Kwenye bodi ya nyuma bado pameandikwa LEOKADIA, kwa rangi aliyoipaka Obeid mwenyewe siku walipolinunua. Sanga hakulifuta. Alisema kupaka rangi ni gharama.

Na Sanga alikuwa na sheria yake: marufuku kubeba abiria, awe ndugu, awe jirani, awe nani.

Sasa sikilizeni, maana ndipo ilipo. Siku ya gulio tunarudi, wanawake kama kundi, mvua inatupiga. Leokadia ana gunia dogo la chumvi na kidumu cha mafuta kichwani, na miaka ile mgongo ulikuwa umeshamwanza. Tukasikia mngurumo nyuma yetu. Tuliujua wote, gari lile tulilipanda sana. Likapunguza mwendo, likasimama ubavuni kwake. Obeid akafungua mlango.

"Panda, mama Skola."

"Bosi wako amesemaje?"

"Bosi hayupo. Panda, unalowa."

Leokadia akaliangalia gari. Akaangalia kiti, akaangalia uzi mwekundu, maana ulikuwa bado upo kwenye ufunguo, umepauka tu. Tukadhani atapanda. Hata mimi nilimwombea apande.

"Mtu akikuona akamwambia, utafukuzwa," akasema. "Ukifukuzwa tutakula nini? Nenda, baba Skola. Mtoa ufunguo wa pili hubaki dereva."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu. Obeid alikaa kidogo pale, mvua inaingia ndani, kisha akafunga mlango akaondoa gari, polepole, asimrushie tope. Mmoja wetu alilirudia lile neno nyumbani kwake jioni, mwingine akalirudia kisimani, na kabla ya mavuno lilikuwa limefika hadi Makambako, na watu wanalitumia wasijue hata limetoka mdomoni mwa nani.

Obeid aliendesha gari lile mpaka macho yakamkataa. Mkewe hakulipanda tena hata siku moja.

Nimemaliza. Mbona mmeacha viazi? Na wewe Ayubu, umeinamia kapu tangu nianze, hata mzaha wako sijausikia. Wazee wa kijiweni hawamwambii mtu methali hii bure. Umesema unataka pikipiki ya pili, na mkopo umeshaulizia, si ndiyo?

"Nimeshauchukua, bibi. Juzi."

Ufunguo wa pili wa hiyo ya kwanza uko wapi?

"Wameuweka. Walisema ni utaratibu tu."

Haya. Sogezeni taa, tuendelee na viazi, ndivyo tulivyo navyo. Mtoa ufunguo wa pili hubaki dereva.