Chupa Tisa za Marehemu

Nyemo wa Hombolo alirithi kwa baba yake chupa tisa za mvinyo wa zamani. Hata hajazifuta vumbi, baba yake mkubwa, Chiloleti, tajiri wa ng'ombe, akaingia na bilauri mkononi.

"Kama bado zinanyweka, ni zangu, maana mimi ndiye mkubwa wa ukoo. Kama zimechacha, chukua wewe. Na nitaonja mwenyewe, ulimi wako siuamini!"

"Sawa, baba," Nyemo alisema, akipiga goti. "Ila mvinyo mkongwe hauonjwi na ulimi mchafu. Lamba asali kwanza, uusafishe."

Chiloleti alilamba kijiko, akanogewa, akamaliza vijiko vitano. Kisha akapiga funda la mvinyo. Uso ulimkunjamana, macho yakamtoka.

"Siki! Marehemu katunza siki miaka ishirini! Kaitie kwenye achari!"

"Zote, baba?"

"Zote! Maji, jamani, maji!" Akatoka mbio, akitema mate mpaka zizini.

Jioni Nyemo alimmiminia mama yake. Mama akavuta kwanza bakuli la asali, Nyemo akampokonya.

"Kunywa kwanza, mama! Asali ikitangulia, hata mvinyo mtamu kama huu utauona siki."