Mshale Mweupe wa Mfangano

Mwiba ni kitu kidogo. Haungurumi kama simba wala haufuriki kama mto, na kwa sababu hiyo mtu mwenye haraka huupuuza. Tunaambiwa kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, ule uvimbe mkubwa, yaani anayepuuza onyo dogo hujiletea uchungu mkubwa. Zacchaeus Irungu alijifunza methali hii darasani mwaka wa 1968. Aliiandika kwa mwandiko safi, akapata alama zote. Kuielewa kulimchukua miezi miwili zaidi.

Irungu aliuza vitambaa mjini Kisumu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu alipojiunga na darasa la gumbaru, la watu wazima wasiojua kusoma, lililofanyika jioni katika ukumbi wa kanisa huko Manyatta, yeye pamoja na mkewe Gakenia. Herufi zilimwingia kama maji mchangani. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa akisoma kila kitu, hata maandishi ya mifuko ya saruji. Gakenia alikwenda polepole. Hakusoma neno bila kupitisha kidole chini ya kila herufi, na alipolimaliza alisema, "Asante, Bwana Yesu," darasa zima likacheka kwa upendo.

Siku moja mwalimu wao, Walter, alileta kitabu cha picha za kisiwa chenye milima katika bahari ya Atlantiki. Huko njia za miguu zilipita kandokando ya magenge, juu ya mawingu, na watu walizifuata si kwa kwenda sokoni bali kwa kutazama tu uzuri wa kazi ya Mungu. Kwenye kila njia panda palikuwa na jiwe lililopakwa mshale na jina kwa rangi nyeupe.

"Tazameni!" Irungu alisema. "Huko hata mawe yamesoma."

Darasa likakumbuka kwamba ziwa letu nalo lina kisiwa chenye mlima, kisiwa cha Mfangano. Wakachanga nauli, na mwezi wa Agosti wakapanda meli, watu tisa na mwalimu wao. Mkobani mwa Irungu mlikuwa na kopo la rangi nyeupe na brashi.

Aliyewaongoza mlimani alikuwa mwanamke mmoja wa kisiwani, Beldina, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akiuvuka mlima ule na vyungu kichwani kwenda kuuza upande wa pili. Hakujua kusoma.

"Mama, njia hii haina hata kibao kimoja," Irungu alimwambia. "Mgeni atajuaje pa kupita?"

"Mgeni huuliza, Bwana."

"Na asipokuta mtu?"

"Atakuta tawi." Beldina alieleza kwamba njia iliyoharibika hulazwa tawi la miiba mdomoni. Ukiliona, ujue imefungwa. "Hapa kwetu hata mlevi haliruki."

Irungu alicheka. "Mimi nimezaliwa chini ya mlima Kirinyaga, Mama. Leo nifundishwe njia na kichaka?"

"Kirinyaga sikujui," Beldina alijibu. "Lakini huku tumepata mvua nyingi mwaka huu."

Walipofika katikati ya mlima, kiatu kilimchubua Gakenia kisigino. Akaketi juu ya jiwe na chupa yake ya chai. "Tangulieni," alisema, "nitawafuata kwa mwendo wangu."

"Usipotee, mama Mwihaki," mumewe alimwambia.

"Nipoteeje, na wewe unaandika njia?"

"Basi fuata mishale yangu. Utafika kama barua."

Irungu alibaki nyuma ya wenzake kwa ajili ya kupaka rangi. Akafika kwenye njia panda. Njia ya kulia ilikuwa ya matope, imesimama kama ngazi. Ya kushoto ilikuwa pana, tambarare, na mwisho wake ziwa lilimetameta kama kioo. Mdomoni mwa njia hiyo mlilazwa tawi la miiba.

"Uvivu tu," Irungu alijisemea. "Njia nzuri kama hii kuzibwa na takataka!"

Alilinyanyua tawi. Likamchoma kiganja. Akalitupa bondeni, akapangusa damu kwenye suruali, kisha akachora juu ya jiwe mshale mnene ukielekea kushoto. Chini yake akaandika: KILELE. Akarudi hatua moja nyuma kuitazama kazi yake, akaona ni njema.

Aliifuata njia hiyo hatua mia moja hivi, na ghafla ikakatika. Mvua za masika zilikuwa zimeukata ubavu wa mlima kama kisu kinavyokata mkate. Nyasi ndefu zilificha ukingo. Mguu wake mmoja ulikanyaga hewa! Alishika nyasi, akaanguka kifudifudi, na chini kabisa akaona vilele vya miti.

Alipopata pumzi alisikia sauti za wenzake juu yake, karibu sana. Kurudi kwenye jiwe kulimaanisha kuchelewa, na kuchelewa kungeleta maswali. "Nitaufuta mshale wakati wa kushuka," alijiambia, akapanda kupitia vichakani.

"Bwana, mbona unatokea huko?" Beldina aliuliza. "Tawi langu umeliona?"

"Nimeliona."

Neno hilo halikuwa uongo, lakini halikuwa kweli pia. Mungu peke yake aliisikia sehemu iliyobaki.

Kileleni walisali na kuimba. Ukungu ukapanda kutoka ziwani, ukawafunika. Nusu saa ikapita, Gakenia hakutokea. Ndipo Irungu alipoukumbuka mshale wake. Alishuka mbio bila kumwambia mtu neno, akiteleza na kuinuka, wenzake wakimfuata.

Kwenye njia panda alisimama kama aliyepigwa na radi. Rangi ya jiwe ilikuwa imevurugika. Chini ya kila herufi, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kidole kilikuwa kimepita na kuburuta rangi mbichi.

"Amesoma," Irungu alisema. "Mungu wangu, amesoma!"

Beldina alilikodolea macho jiwe. "Linasema nini?"

Walter alisema kwa sauti ndogo, "Linasema tupite huku."

"Na tawi langu?"

Irungu alifungua kiganja akamwonyesha tundu la mwiba. Beldina alishika kichwa kwa mikono miwili, akamwita Mungu kwa lugha yake. "Nyasaye! Umewaandikia watu kifo!"

Walikwenda ukingoni wakitambaa. Walipoita, sauti hafifu ilijibu kutoka chini ya ukungu, ikisali Baba Yetu. Gakenia alikuwa amenaswa na mti ulioota ubavuni mwa genge. Wanawake walivua leso zao za kujitanda, wakazifunga mafundo pamoja. Beldina alijifunga kamba hiyo kiunoni akashuka mwenyewe, wanaume wakishikilia. Irungu alivuta mpaka viganja vikachunika.

Gakenia alipofikishwa juu, mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali pasipopindika. Kidole chake kilikuwa cheupe kwa rangi. Alimtazama mumewe, akajaribu kutabasamu.

"Baba Mwihaki," alisema, "nimelisoma neno lote bila kusaidiwa."

Maneno hayo yalimchoma Irungu kuliko miiba yote ya Mfangano. Kabla ya kuondoka kisiwani alirudi kwenye lile jiwe, akalikwaruza rangi mpaka ikaisha. Kisha alimwomba Beldina amwonyeshe jinsi ya kulaza tawi.

Madaktari waliokoa uhai wa Gakenia. Mguu haukukunjika tena. Wiki ya tatu ulikuwa bado umevimba, umejaa kama gunia la mahindi, naye Irungu aliketi kando ya kitanda akiutazama. Gakenia alitoa daftari lake chini ya mto. "Nisomee," alimwambia. "Kwa kidole, kama ninavyosoma mimi."

Daftari lilifunguka kwenye ukurasa wa methali. Irungu aliweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akaenda nayo polepole. Alipofika katikati kidole kilikwama kwenye neno mguu, machozi yakadondokea karatasi. Siku zote alidhani mguu unaotajwa pale ni wa yule yule aliyedharau. Sasa aliona kwamba methali haikusema ni mguu wa nani.

Akapangusa macho, akaimaliza neno kwa neno: mdharau mwiba mguu huota tende.