Zimwi Lililofutwa Vumbi

Sogeeni, wenye masikio! Kisa hiki nakijua mimi peke yangu.

Zimwi lilijigeuza mmea wa majani mapana, likajipanda chunguni, sebuleni kwa Bi Mwanahawa, lipate kummeza akisinzia. Bibi akaja na kitambaa chenye maji kufuta vumbi. Akafuta jani la kwanza, zimwi likajikaza. Akafuta la pili, likatetemeka. Akafuta la tatu, lo! Likacheka kwa kutekenywa: “Kwi kwi kwi!”

“Ala! Kumbe zimwi!”

Likataka kumrukia, lakini mizizi ilishashika udongo. Bibi akabeba chungu. “Nakupeleka juani ukauke!”

“Hapana, bibi, nitaungua! Niache kivulini, nikulindie nyumba.”

“Na utakula nini?”

“Maji kidogo tu, udongo ukikauka.”

Bibi akakubali. Siku wezi walipoingia, lilinguruma vikali, wakakimbia wakaacha viatu. Hamniamini? Ndivyo hivi nilivyovaa!