Naetwe wa Ng'ambo

"Habari ya mlango mmoja hulala njiani." Mmenisikia nikisema hivyo mlipokuwa mkilalamika kwamba mnara umezimika na simu za kijiji kizima hazifai kitu, nanyi mkaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Kaeni basi, chanzo chake ni hiki.

Zamani huku Upareni hatukuwa na simu, tulikuwa na makoo. Kila nyumba ilikuwa na majirani watatu wa kuitana nao: wa juu, wa chini, na wa ng'ambo ya bonde. Kumfikia mtu wa mbali hukuhitaji kuijua njia nzima. Ulimwita yule kati ya watatu wako aliye karibu naye zaidi, akaitikia "Nimepokea!", kisha akamwita wake. Asipoitikia, ulimgeukia mwingine. Ah, asubuhi za siku hizo! Milima ilizungumza, wanangu. Nikikumbuka, moyo unaniuma.

Kabla sijazaliwa, jumbe alichoshwa na kelele. Akaamuru habari zote zipitie kwa Mchomvu, aliyekaa katikati na kumjua kila mtu. Ikawa rahisi kweli, nisiseme uongo. Miaka mitatu ikapita, watu wakawasahau majirani wa ng'ambo.

Alasiri moja Nakijwa akashikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga aliishi kilima cha nne. Mumewe, Kangalu, akasimama uani akamwita Mchomvu mpaka sauti ikakwaruza. Kumbe Mchomvu alikuwa msibani kwa wakwe zake.

"Mwite Naetwe wa ng'ambo," mama yake akamwambia.

"Mama, miaka mitatu hata salamu sijampa. Nitamwitaje leo kwa shida?"

"Wewe ita! Aibu utaiona baadaye."

Kangalu akaita. Akaita tena, na sauti ya mwanamke ikavuka bonde: "Nimepokea!" Naetwe akamwita jirani wake wa juu, kumbe yuko shambani. Akamgeukia wa chini. Habari ikazunguka nyumba saba badala ya nne, lakini ikafika, na mkunga akaja jua halijazama.

Mchomvu aliporudi na kusikia, alikwenda mwenyewe kwa jumbe.

"Niondolee mzigo huu," akasema. "Mimi ni mlango mmoja tu. Juzi habari ya watu ingelala njiani, na mama angelala kaburini."

Jumbe hakubisha. Watu wakarudi kuitana.

Mtoto akapewa jina la aliyeitikia. Ndiyo maana bibi yenu naitwa Naetwe. Yule wa ng'ambo alishafariki, na siku hizi nikisimama uani hakuna wa kuniitikia. Nyinyi shikeni simu zenu, lakini kesho vukeni bonde mkawasalimie wa kule. Habari ya mlango mmoja hulala njiani.