Nani Alimtoa Nje Mwalimu Sekela

Hapo zamani, zamani za karibu tu, simu zilipokuwa zimeshaingia hadi mifukoni mwa wazee wa kanisa, alikuwako mama mmoja mjini Tukuyu akiitwa Bi Subilaga. Kazi yake ilikuwa kusikiliza watu waliolemewa. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la fundi cherehani: viti viwili na pazia zito. Aliyoyasikia hayakutoka.

Mji ukamshuku. Mshauri mwingine alikuwa na sifa arobaini mtandaoni, Bi Subilaga hana hata moja. Watu wakaulizana, huyu anaficha nini? Karani wake, Ambwene, akamsihi awaombe wateja wamwandikie. Akakataa.

"Mtu aliyelia mbele yangu," akasema, "nikimwomba neno, ataweza vipi kuninyima?"

Basi Ambwene akabandika karatasi mlangoni: anayependa aandike maoni yake mtandaoni, asiyependa aache, jina asiweke. Bi Subilaga akaisoma mara mbili, akaona haina ubaya, akaiacha.

Mwalimu Sekela wa darasa la pili alikuwa akija tangu amzike mwanawe. Hata dada yake hakujua. Akaandika kwa hiari yake, bila jina, akaweka na nyota tano: "Miezi mitano sikuweza kusali. Humu nililia. Sasa nasali."

Ambwene akamtambua kwa maneno yake, akafurahi mno. Akajibu kwa jina la ofisi: "Asante mama yetu, tunakungoja Alhamisi kama kawaida."

Bi Subilaga akaliona jibu lile siku ileile ya Ijumaa. Akajua si sawa. Lakini ilikuwa sifa yake ya kwanza. Akasema moyoni, acha ikae hadi Jumatatu.

Sasa, ng'ambo ya fundi aliuza mboga Mama Gwakisa, naye aliyasoma maneno yale na jibu lake kwenye simu, tena alijua nani hupita pazia lile siku za Alhamisi. Walikuwa wawili: babu mmoja, na Sekela. Jumamosi, kwenye maombi ya akina mama, Sekela hayupo, Mama Gwakisa akainua mkono akaleta hitaji. Tumwombee dada yetu Sekela, akasema, hawezi kusali, anakwenda kwa washauri. Tukafumba macho, tukamwombea kwa jina.

Kufika Jumatano wazazi walikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, wakiuliza kama kichwa cha mwalimu yule ni kizima. Darasa akapewa mwingine. Yeye akaambiwa apumzike.

Alhamisi akaja chumbani, asikae. Mama Gwakisa akaitwa, akaacha mboga zake, akaja. Sekela akawatazama mmoja mmoja, kama anayetafuta mkono ulioingia mfukoni mwake.

"Mimi sikutaja jina," akasema Ambwene. "Nilitaja siku tu, tena kwa shukrani."

"Mimi sikuandika," akasema Bi Subilaga. "Niliona, nikanyamaza. Nilizipenda zile nyota."

"Mimi nilikupeleka kwa Mungu," akasema Mama Gwakisa. "Ulitaka nimfiche Mungu?"

"Mungu alishajua, mama," akajibu Sekela. "Wazazi wa darasa la pili ndio walikuwa hawajui."

Kisha akasema, kikao cha wazazi ni Jumatatu, na hapo ndipo darasa lake litaamuliwa. Asimame mmoja, yule mwenye kosa kubwa, aseme ni mimi. Hataki watatu wanaojificha mgongoni kwa wenzao. Akisimama huyo, yeye Sekela atarudi kwenye kiti chake humu chumbani. Asiposimama, wasimngoje tena Alhamisi.

Jumatatu wote watatu walikuja, wakakaa benchi moja. Ambwene akamtazama Bi Subilaga. Bi Subilaga akamtazama Mama Gwakisa. Mama Gwakisa akafumba macho, sijui kama alikuwa anasali. Sekela alisimama mlangoni, hakuingia. Mwalimu mkuu akauliza kama kuna mwenye neno.

Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa benchi la nyuma yao. Kwenye maombi yale ya Jumamosi, Amina yangu ilisikika kuliko zote.

Je, ndugu zangu, katika sisi, nani alistahili kusimama?