Bi Harusi Asiye na Wanja

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana watu walikuwa na simu mkononi na haya wameifungia kabatini, palikuwa na mpambaji mjini Pangani, jina lake Saumu. Tegeni masikio, maana mwishoni nitawauliza, na asiyesikiliza asinijibu.

Kazi ya Saumu ilikuwa kuchukua sura za wanawake wa kale na kuzipaka upya kwa rangi za leo. Ukimtaka mwimbaji wa taarabu wa enzi za santuri, atakutoa na nyusi za upinde na mdomo mwekundu, na hakuna atakayekucheka. Kwa hilo alijulikana, na kwa hilo alikula.

Akaja Ruzuna, binti anayeolewa. Akasema, "Da Saumu, mie sitaki sura ya mtu baki. Nataka sura ya mama yake babu, Mwana Khadi. Picha yake anayo shangazi."

Shangazi huyo ni Bi Mize. Yeye ndiye aliyewapamba maharusi wote wa ukoo ule tangu ujana wake, kwa liwa ya kupaka usoni na wanja aliousaga mwenyewe. Safari hii hakuitwa. Aliitwa Saumu. Likamchoma jambo hilo, na nani asingechomwa?

Saumu alipofika, Bi Mize akaitoa picha. Mwana Khadi alikuwa amejitanda shuka nyeupe, macho matupu, mdomo mkavu, hana kipini wala bangili. Mzuri! Mzuri wa kutisha.

"Keti, mwanangu, nikupe habari ya picha hii."

"Nina haraka, bibi. Nishaiona."

Akaipiga picha kwa simu yake, huyoo akaenda zake. Bi Mize akabaki na maneno mdomoni. Akayameza.

Hata siku ya harusi ikafika. Ndoa ilifungwa asubuhi msikitini, na alasiri bi harusi alikuwa atolewe ukumbini apokewe na wakwe. Saumu alimpaka Ruzuna mpaka ngozi ikang'aa kama sinia la shaba lililosuguliwa. Mdomo akaufifisha kwa rangi ya udongo. Kisha akashika kijiti cha wanja, na mkono ukasita.

"Bi harusi bila wanja, Ruzuna? Nikutie japo kidogo."

"Kwenye picha hakuna wanja. Nataka vilevile."

"Lakini moyo wangu..."

"Da Saumu, uso huu wangu au wako?"

Saumu akakirudisha kijiti mkobani. Na Bi Mize alikuwa ameketi kitandani chumbani humo, anatazama yote. Kimya.

Ruzuna akatoka, shuka nyeupe kichwani. Vigelegele vikaanza, vikakatika. Wanawake watu wazima wakashika vifua. Bi Kauthar, mama wa bwana harusi, akainuka.

"Eda! Mwanangu kaoa asubuhi, alasiri mkewe anamtokea kavaa eda! Mnamzika mwanangu naye yu hai?"

Maana ndivyo mjane wa pale alivyokaa eda: shuka nyeupe, hana wanja, hana pambo. Watu wazima waliijua sura ile, vijana wakadhani ni mtindo. Mwana Khadi alipopigwa picha alikuwa amefiwa na mumewe karibuni. Watu wa serikali walitaka sura yake kabla hawajamwachia nyumba ya marehemu, wakamtoa ndani ya eda yake akasimame mbele ya kamera. Ule uzuri wa kutisha, jamani, ulikuwa hasira.

"Haendi mtu kwangu," akasema Bi Kauthar, "mpaka aliyeleta nuksi hii atoke kwa mlango ule, watu wote wakimwona. Na asikanyage tena harusi ya mtu mji huu."

Saumu akahisi macho yote yamemgeukia.

"Mimi nilipaka tu! Wanja niliushika, nikakatazwa. Nimpake mtu kwa nguvu?"

Ruzuna akamrukia. "Na mimi nilichagua tu! Nilimpenda bibi yangu, ni dhambi? Wewe ndiye unayejiita fundi wa sura za kale. Kale yenyewe huijui?"

Neno hilo lilimwingia Saumu mpaka mfupani, kwa kuwa lilikuwa kweli. Akatafuta pa kulitupia. Akamwona Bi Mize.

"Huyu alijua! Alikaa kitandani ananitazama!"

"Mimi nilinyamaza tu," akasema Bi Mize. "Nilitaka kusema, nikaambiwa kuna haraka. Mikono hii imewatoa mama zenu, leo nimegeuzwa kabati la picha. Ungeuliza habari yake ningekupa. Hukutaka habari, ulitaka uso."

"Ndiyo umwache mtoto wa nduguyo atoke hivi? Kunikomoa mimi?"

Bi Mize akatazama sakafu.

Ruzuna naye, machozi yanachuruzika na rangi zote, akamgeukia mkwewe. "Na wewe, mama? Si nilikutumia picha siku tulipojaribu mapambo? Ukasema mashaallah, ukawaonyesha na shoga zako!"

"Mimi nilisifu tu. Nilionyeshwa uso, shuka sikuiona."

Tu, tu, tu! Mnawasikia? Nilipaka tu, nilichagua tu, nilinyamaza tu, nilisifu tu. Na Mwana Khadi, aliyetolewa ndani ya eda yake mara ya pili, hakuna hata mmoja aliyemtaka radhi.

Nje ngoma za upande wa bwana harusi zilishafika. Bi Kauthar hakulegeza. Akitoka Saumu, hakuna bi harusi atakayeketi tena mbele yake, na kazi nyingine haijui. Akitoka Bi Mize, Ruzuna hana shangazi wa kumshika mkono amkabidhi kwa mumewe. Akitoka Ruzuna, ameachika kabla hajapokewa. Na Bi Kauthar, nani wa kumwambia atoke, naye ndiye mwenye mwana?

Saumu amesimama katikati ya ukumbi. Mlango uko wazi, watu wanangoja.

Haya, nyinyi mliosikia yote na hamkupaka, hamkuchagua, hamkunyamaza wala hamkusifu. Je, nani atoke?